Jenerali Ogolla alizikwa bila jeneza. Baba yangu, sajini mstaafu, tulimzika kwa mkopo

Jumapili ya Aprili 21, 2024 nilikuwa Kondele, kwenye kibanda cha chai ambacho runinga yake huwa ya mpira tu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mechi inaanza saa ngapi. Macho yote yalikuwa Ng'iya, kaunti ya Siaya, ambako Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Omondi Ogolla, alikuwa anazikwa.

Alikufa Alhamisi, akazikwa Jumapili. Na alizikwa bila jeneza.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliweka kikombe chini. "Mtu mkubwa hivi? Jenerali mzima?"

"Ni yeye mwenyewe alisema, jaduong'," akajibu kijana wa boda. "Na si mara ya kwanza Alego. Mama Sarah Obama hapo Kogelo alikufa Machi 2021, kesho yake akazikwa. Kuna mtu alilalamika?"

"Mama Sarah alikuwa Mwislamu. Hiyo ni dini yao."

"Na huyu hiyo ndiyo ilikuwa amri yake."

"Amri!" Mzee akacheka. "Wangapi huacha amri? Na nani huwasikiza wakishafunga macho?"

Niliacha chai yangu hapo nikalipa nikaondoka, kwa sababu Baba yangu pia alikuwa amesema, na sisi hatukusikiza.

Kijana wa Alego aliyepaa

Kwanza Jenerali mwenyewe, kwa sababu wengi wetu tulimjua siku aliyokufa.

Ogolla alizaliwa Februari 1962 na akajiunga na jeshi Aprili 24, 1984. Hebu fikiria huo mwaka. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilifanywa na wanajeshi wa angani, na aliyetajwa kuwa kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa kijana wa Nyanza. Serikali ilivunja jeshi lote la angani ikaliunda upya, likaitwa 82 Air Force. Ochuka alikuja kunyongwa 1987. Sasa wewe ni kijana wa Alego, hata miaka miwili haijaisha tangu hayo yatokee, na unaenda kujiandikisha. Halafu unapata kamisheni Mei 1985 na kupelekwa hukohuko angani.

Alifunzwa urubani wa ndege za kivita Marekani. Alipanda ngazi polepole: kamanda wa Jeshi la Wanahewa 2018, naibu mkuu wa majeshi 2021, na mwishowe mkuu wa majeshi Aprili 2023. Kiti hicho hakukikalia hata mwaka mmoja. Aprili 18, 2024 alikuwa kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuwatembelea wanajeshi waliokuwa wakipambana na majangili na kukagua ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya utovu wa usalama. Helikopta yao ilianguka Sindar, Marakwet Mashariki, muda mfupi baada ya kupaa. Kati ya watu 12 waliokuwa ndani, 10 walikufa. Zilikuwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 jeshini.

Mtu kama huyo serikali inaweza kumfanyia chochote. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo na bendera zikapeperushwa nusu mlingoti. Kama familia ingetaka wiki mbili, zingepatikana. Kama ingetaka jeneza la dhahabu, pengine nalo lingepatikana. Lakini mwanawe, Joel Rabuku, aliwaeleza Wakenya kwamba baba yao alitaka azikwe upesi, ndani ya saa 72, bila jeneza. Na wakafanya vivyo hivyo.

Mimi nikitazama pale Kondele sikuwaza sana kuhusu jeneza. Niliwaza kuhusu watoto wake. Kwamba waliyajua mapenzi ya baba yao, na kwamba walipata ujasiri wa kuyatetea mbele ya nchi nzima.

"Nitatoka nijizike"

Baba yangu hakuwa jenerali. Alistaafu akiwa sajini, dereva wa malori katika Jeshi la Nchi Kavu. Alipotoka jeshini 2007 alitukuta Manyatta, mjini Kisumu, nyumba ya vyumba viwili, na akaanza kutuendesha kama kambi. Viatu vinang'arishwa Jumamosi jioni. Kitanda kinatandikwa kabla ya chai. Na maji: kila mtungi ndani ya nyumba lazima uwe umejaa kabla ya mtu kulala. Hata mvua ikinyesha. Hata mfereji ukiwa unatiririka. Tulimcheka sana kwa hiyo mitungi. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na mzee anaweka akiba ya maji kama tuko Turkana.

Baadaye alihamia dala, Seme, ukishuka kutoka Kombewa kuelekea ziwani. Alinunua mashua ya omena, akawa anaikodisha kwa vijana wa pwani. Jioni anakaa chini ya mti na redio yake.

Mwaka wa 2021 tulitoka matanga ya jirani. Marehemu alikuwa amekaa mochari wiki mbili, na pale bomani kamati mbili za mazishi zilikuwa zinapigana kuhusu nani amekula pesa za hema. Tulipofika nyumbani Baba alivua koti, akakaa, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mimi mkiniweka kwa friji zaidi ya siku tatu, nitatoka nijizike."

Tulicheka mpaka Mama akashika mbavu. Yeye pia alicheka. Lakini aliongeza jambo ambalo sikulisahau: "Na msinunue sanduku la bei. Mimi nimelala kwenye matope maisha yangu yote."

Alikufa Juni 2022. Moyo, usiku, bila kusumbua mtu.

Tulimweka mochari siku 21.

Hatukumsahau, tulimpenda

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu najua kuna watu wa kwetu watasoma hii na kusema huyu mtoto wa mjini anatukana mila.

Hakuna aliyekaa chini akasema tumpuuze mzee. Shangazi yangu mkubwa alipoambiwa maneno ya Baba alilia, akasema, "Ndugu yangu amebebea nchi hii bunduki miaka ishirini na moja, leo nimzike kama kuku?" Ukiambiwa hivyo na mtu aliyemlea baba yako, utajibu nini? Mimi nilinyamaza. Mama naye alinyamaza, kwa sababu mjane akisema "tufanye haraka" kuna midomo itauliza haraka ya nini.

Na kwetu mazishi si kufukia tu. Mtu anarudishwa dala. Zamani ng'ombe walikimbizwa na mikuki ikarushwa, tero buru, kukifukuza kifo kiende mbali na boma. Shujaa ndiye aliyefanyiwa hayo zaidi. Kwa hivyo familia yangu ilipokataa siku tatu, ilikuwa inamwambia Baba kwa lugha yake kwamba yeye ni shujaa.

Tena hata mahakama ilishawahi kuonyesha ukoo una nguvu gani. Wakili S.M. Otieno alikufa Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi na akasema hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ukasema lazima arudi nyumbani, Nyalgunga. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, mwili ukiwa umelala mochari miezi mitano. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Nyalgunga iko Alego, kulekule kwa Jenerali Ogolla. Sehemu moja, miaka 37 katikati. Mmoja maneno yake yalipingwa kortini, mwingine maneno yake yakafuatwa kama yalivyo.

Sisi tulifuata njia ya kwanza, bila korti.

Gharama za mochari zilihesabiwa kwa siku. Hema nne. Mabasi mawili kutoka Kisumu. Fahali wawili, kisha wa tatu kwa sababu wakwe walikuja wengi. Jeneza lenye kidirisha cha kioo na vishikio vya rangi ya dhahabu. Kamati ilifungua grupu ya WhatsApp, ahadi zikamiminika, na tunajua wote ahadi za WhatsApp huishia wapi. Mama alichukua mkopo wa sacco kujaza pengo. Aliumaliza kulipa mwaka jana.

Mimi chuo niliacha mwaka huohuo. Siwezi kusingizia matanga peke yake, masomo nayo yalikuwa yamenilemea. Lakini ada ya muhula ilienda kwa hema, hilo ni ukweli.

Kosa la ukurasa wa pili

Sasa nije kwa kitu kinachoniuma kuliko deni.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Si ndiye ninayejua kuandika? Tulichapisha kijitabu cha rangi, kurasa nane, karatasi ya kung'aa, nakala mia mbili. Picha ya Baba akiwa na bereti mbele. Ukurasa wa pili niliandika kwamba alilitumikia taifa kwa uaminifu na kwamba alikwenda kulinda amani Liberia.

Nilitoa wapi Liberia? Sijui. Nilikuwa na kumbukumbu ya Baba akitaja Afrika Magharibi, nami nikajaza. Nilimuuliza Mama, akasema, "Nadhani ni huko." Nilimuuliza shangazi, akasema ndiyo. Tulikuwa na siku 21 za kuulizana na tukakosa kujua.

Siku ya mazishi yenyewe ilikuwa kampeni za 2022 zimepamba moto. Wagombea wanne walikuja, kila mmoja na spika zake. Kila mmoja alishika kipaza sauti akasema Baba alikuwa rafiki yake. Ilipofika zamu ya wasifu, msimamizi wa shughuli alininong'oneza nifupishe, muda umeenda. Nikasoma aya mbili. Liberia ilikuwa ndani ya hizo mbili.

Baada ya kaburi kufunikwa, mzee mmoja mwembamba mwenye bereti alibaki amesimama. Alikuwa ametoka Kitui, usiku kucha ndani ya basi. Alipiga saluti moja, taratibu, akashusha mkono. Kisha akanijia na kijitabu.

"Kijana, nani aliandika hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Umeandika vizuri. Lakini Liberia hakuwahi kwenda. Baba yako alikuwa na mimi Makeni."

"Makeni ni wapi?"

Aliniangalia kidogo. Hakukasirika. "Sierra Leone, mwanangu. Mwaka wa 2000. Hakuwaambia?"

Hakutuambia. Au tuseme hatukuuliza.

Mitungi

Nilikuja kusoma baadaye. Mei 2000, waasi wa RUF waliwashambulia walinda amani wa Umoja wa Mataifa Sierra Leone, wakateka mamia yao. Wakenya walikuwa Makeni na Magburaka, na walizingirwa. Baadhi hawakurudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka huo ni Mkenya, Luteni Jenerali Daniel Opande, aliyepewa uongozi wa kikosi chote cha Umoja wa Mataifa huko. Haya yote yameandikwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miezi michache Manyatta, nanyonya.

Lakini yale ambayo hayajaandikwa nilipewa na mzee wa Kitui, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki huku vijana wanang'oa hema. Alisema Baba alikuwa akiendesha lori la maji. Walipozingirwa, lori halikuweza kutoka tena. Maji yakaanza kupimwa kwa kikombe. Baba ndiye aliyekuwa anapima. Mzee alisema kulikuwa na siku Baba aliinua kikombe chake mwenyewe, akakitazama, akampa kijana mmoja aliyekuwa na homa, kisha akaenda kukaa nyuma ya gurudumu la lori lisiloenda popote.

"Tangu siku hiyo," akasema, "baba yako alikuwa hawezi kulala kama hajaona maji."

Nilikumbuka mitungi yetu ya Manyatta. Nilikumbuka vicheko vyetu. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia peke yangu, na hicho ndicho kilio pekee nilicholia katika siku zile 21.

Si siku tatu wala wiki tatu

Baada ya Ogolla, watu wengi mitandaoni walisema sasa Wajaluo wamefundishwa, kila mtu azikwe siku tatu bila jeneza. Kisha Oktoba 2025 Raila Odinga naye akatuacha, na familia ikasema aliacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Mwili ulifika Kenya Alhamisi. Jumamosi ulikuwa hapa kwetu, uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, na jiji zima lilikuwa huko. Jumapili Oktoba 19 akazikwa Bondo. Kama kuna mtu ambaye watu wa ziwa wangetaka kumlilia mwezi mzima, ni yeye. Hata hivyo maneno yake yalisikizwa.

Mimi sitaki kuweka sheria ya siku. Nikiwa mkweli, kama tungemzika Baba siku ya tatu, mzee wa Kitui asingepata habari kwa wakati, na mimi mpaka leo ningeamini Liberia. Zile wiki tatu zilinipa kitu. Lakini nilikipata kwa bahati, kwa mgeni, baada ya udongo kushindiliwa. Kingeweza kunifikia bure, chini ya mti, Seme, redio ikiwa imezimwa.

Kwa hivyo kama una mzee aliyekuwa jeshini, na hapa Kisumu na vijijini kando ya ziwa wako wengi, usingoje kamati. Wanajeshi wetu wa zamani hawapendi kujieleza. Hao unaowaona wakilinda mageti ya madukani usiku, wakichunga mashua, wakikaa wima kanisani kama wanakaguliwa, wengine wamefika Croatia, wengine Sierra Leone, wengine Somalia tangu 2011. Kila Oktoba 14 nchi husherehekea Siku ya KDF kwa gwaride. Wewe siku hiyo nunua sukari na maziwa uende kwao.

Muulize nambari yake ya jeshi na kikosi chake. Muulize alienda wapi, mwaka gani, na nani. Chukua nambari ya simu ya rafiki mmoja waliyetumika naye, mmoja tu anatosha. Muulize vyeti na karatasi za pensheni ziko wapi, maana Mama yetu alizitafuta miezi ndani ya masanduku. Halafu, akiwa ametulia, muulize anataka azikwe vipi. Akitoa mzaha, cheka, lakini andika. Mbele ya shahidi wa upande wa ukoo, hasa yule shangazi ambaye unajua atalia. Sisi maneno ya Baba tuliyasikia watu watatu, mimi, Mama na dada yangu mdogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na sauti kwenye kikao cha wazee. Kama shangazi angeyasikia kutoka kinywani mwake, nadhani mambo yangekuwa tofauti.

Jioni ile ya Aprili 2024, nikitoka Kondele, nilipanda matatu hadi Kombewa. Nilimkuta Mama anaanika omena. Nilimsaidia kwanza, kisha nikamuuliza. Alifikiri ninaumwa. Nilipomweleza kuhusu Jenerali, alinyamaza, akafuta mikono kwa leso, akasema jeneza anataka, la mbao ya kawaida, kwa sababu udongo usoni anauogopa. Siku tano zisizidi. Wanasiasa wasipewe kipaza sauti kabla ya wasifu kusomwa. Na shangazi aketi naye. Nilirekodi yote kwa simu, na wiki iliyofuata tukamwita shangazi tukamsikizisha. Alilia, kama kawaida yake. Kisha akauliza kama naye anaweza kurekodiwa.

Wasifu wa Baba nimeuandika upya. Ni ukurasa mmoja, hauna rangi. Una Makeni, una lori la maji, una kikombe. Niliutuma kwa grupu ya familia, halafu nikamtumia mzee wa Kitui.

Alijibu usiku, saa nne na kitu: "Sasa ndiyo yeye. Umesahau tu kuandika alikuwa anaimba vibaya akiendesha."

Nimeongeza.